Kugaagaa

Neno lenyewe lina herufi sita.
Mbili za katikati ni pacha, zimesimama kama nguzo za goli,
na ya kwanza ndiyo ya mwisho,
kama mtu aliyejibiringisha akarudi ubavu uleule.
Nililiandika ubaoni, kidato cha tatu, Isevya,
saa nane mchana, bati likilia kwa joto.

Kamusi yangu, isiyo na jalada tangu mvua ya mwaka juzi,
ilisema: nyati, matope.
Chini yake: mtu, fedha, starehe.
Chini kabisa, kwa maandishi ya kuumiza macho:
mtu, huzuni yake mwenyewe.
Nikasema, andikeni, kitenzi hiki hakitembei peke yake,
kinataka kihusishi, kinataka kuingia ndani ya kitu
mpaka shingoni.
Nikasema, kwetu ni kugaagaa,
nikamtaja yule mgaagaa na upwa asiyekula wali mkavu.
Darasa likanitazama.
Upwa ni nini, Mwalimu, huku kwenye miombo?

Nyanzala wa dawati la dirishani ndiye aliyeniokoa.
"Kama punda," akasema, "akishushwa mkaa."
Wakacheka. Lakini wote walishamwona,
punda wa kutoka Inala:
kamba inafunguliwa, gunia linadondoka, puu,
naye hatafuti maji kwanza, hatafuti majani.
Anapiga magoti, anajimwaga mavumbini,
miguu minne juu, tumbo jeupe likitazama mbingu,
anajisugua palepale mzigo ulipokuwa
na kutoa sauti ambayo si mlio wala si kicheko.
Nikafuta nyati. Nikachora punda.
Vibaya, lakini nilimchora.

Mama yangu alichambua tumbaku
kwenye ghala la chama, miaka kumi na tisa,
vidole vikageuka rangi ya majani.
Malipo yakitoka, mara moja kwa mwaka,
alinunua chupa ya asali na masega yake,
akatandika mkeka barazani, mchana kweupe,
akanyoosha miguu.
Hakutugawia mpaka amalize sega la kwanza.
Alichovya kidole, akafumba macho, akakinyonya taratibu.
Asali iliteremka hadi kwenye kiwiko, asiifute.
Nyuki alizunguka, asimfukuze.
Ukimwita, alijibu: "Sipo."

Na kila jirani aliyepita na ndoo
alisimama kwenye uzio wa minyaa:
"Mama Mihambo, unaumwa?"
Maana mwanamke aliyeketi bila ungo mapajani,
bila mtoto, bila msiba,
ana malaria, au akili zimemruka.
Baba alipita mara mbili
akikohoa kikohozi kisicho cha kifua.
Mimi nilimwonea haya. Hilo nalo liandikwe.
Nilikuwa na umri wa hawa ninaowafundisha.
Niliingia ndani, nikajifanya nasoma.

Jioni alitema nta, akaifinyanga,
akaziba nayo tundu la debe la maji,
akajifunga kanga, akawasha moto.

Usiku huu nasahihisha. Taa ya sola inakaribia kukata roho.
Sentensi thelathini na nane: nyati, nyati, tajiri, nyati, punda,
na punda mmoja ambaye kwa herufi moja iliyokosewa
amekuwa tumbili.
Ya Nyanzala iko chini kabisa ya rundo,
mwandiko umelalia kushoto.
Kikanushi kipo mahali pake, wakati timilifu hauna kosa,
kihusishi hakikusahauliwa:
Mama yangu hajawahi kugaagaa ndani ya kitu chochote.

Sarufi ni safi. Naweka vema.
Mbili juu ya mbili.
Kalamu nyekundu inabaki palepale kwenye karatasi,
na wino unatengeneza dimbwi dogo.